Ndama wa Jiwe

Leo, kwenye meza ya vitu vya kale mjini Moshi, nimemshika sili wa jiwe jeusi, mnyama wa bahari ya barafu aliyechongwa na Wainuiti, wenyeji wa huko. Ghafla nikasikia harufu ya siagi.

Nilipokuwa mtoto, Baba, aliyekuwa akipandisha wageni mlimani, alizawadiwa mmoja kama huyu. Bibi hakuwahi kuona sili. "Maskini ndama, kazaliwa bila miguu," alisema, na kila asubuhi baada ya kukamua alimpaka siagi.

Siku moja nilimpeleka mferejini kumnywesha, akaniponyoka, pua ikamegeka. Nilijificha migombani mpaka njaa ikanishinda. Ndipo nikachuma jani la isale uani, kama nilivyoona wakubwa wakifanya wakiomba msamaha, nikampa Bibi kwa mikono miwili.

Alikuwa kanuna, fimbo mkononi. Akalitazama jani, akaguna.

"Sasa nitakuchapaje? Isale haikataliwi." Akanisogezea kibakuli cha siagi. "Mpake mwenyewe. Anzia kwenye kidonda."

"Huyo nakupunguzia," muuzaji ananiambia, "mkia una ufa."

Nimemchukua hivyo hivyo, nikamuuliza muuzaji siagi ya kienyeji inauzwa wapi.