Rangi Niliyompaka Wambui

Kuna Jumamosi moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na ningekuwa na uwezo wa kuirudisha ningeirudisha leo hii. Weka hiyo pakiti ya rangi hapo kaunta. Sikuuzii, na usininunie. Umeingia saluni yangu hapa Ngara ukaniuliza ni rangi gani nyeusi isiyoumiza kichwa cha mtoto wako wa miaka mitano, kwa sababu shuleni wanamwita Kutu. Kaa kwenye kiti hicho nikwambie nilichofanya mimi nikiwa na umri wako. Nikimaliza, ukitaka kwenda duka la pili, mlango uko wazi.

Tulikuwa tunaishi Riruta, chumba kimoja katika ploti ya vyumba kumi na viwili, bomba moja uani. Mimi ni wa magharibi mwa Kenya, mume wangu Njoroge ni wa Limuru. Binti yetu wa kwanza tulimwita Wambui, jina la mama yake Njoroge, kama desturi yao inavyotaka. Kwetu nyumbani mtoto hupewa jina la mtu aliyekwisha kufa. Kwao hupewa jina la nyanya hata akiwa hai, na tangu siku hiyo mtoto ndiye nyanya. Njoroge alikuwa akimwita msichana wa miaka miwili "mami", nami nikicheka nikidhani ni mapenzi tu. Sikuuliza, na hilo ndilo lililoniponza.

Wambui alizaliwa na nywele nyekundu-nyekundu, rangi ya udongo wa Limuru mvua ikishanyesha. Hakuwa mgonjwa. Kliniki walimpima kila mwezi wakaridhika, na uani alikuwa anawakimbiza kuku wa watu siku nzima. Lakini ploti haikosi mdomo. Wa kwanza kusema alikuwa Mama Brayo, jirani wa mlango wa pili.

"Kwani huyu mtoto ako na kwashakoo? Hii nywele yake ni ya njaa. Hamumpei mayai?"

Njaa! Mimi, niliyekuwa nikimnyima baba mtu yai ili mtoto apate! Lakini hasira nikaimeza. Watoto wa ploti wakalidaka neno, wakamwita Kwasha, halafu wakaona haitoshi, wakamwita Mabati, kwa ajili ya yale mabati yaliyoshika kutu juu ya choo. Na mtoto mwenyewe aliitika. Mtu akiita Mabati, Wambui huyo mbio, anacheka. Kicheko hicho kiliniuma kuliko tusi lenyewe.

Basi Njoroge akaniambia Jumatano kwamba mama yake anakuja Jumamosi kumwona wajina wake. Alikuwa hajawahi kumwona, miguu ilimsumbua. Tangu siku hiyo sikupata usingizi. Kila nikifumba macho nilimwona mama mkwe akikitazama kichwa cha mtoto na kusema kimoyomoyo kwamba mwanawe ameoa mwanamke asiyejua kulisha. Tayari nilikuwa mgeni kwao, wa kabila jingine, na nilijua kuna mashemeji waliokuwa wananisubiri nikosee mara moja tu.

Jumamosi asubuhi, Njoroge alipokwenda stendi kumpokea mama yake, nilikoroga rangi nyeusi ya unga, ile wazee wanayofichia mvi. Nikampaka Wambui kichwa kizima, nikamfunga mfuko wa plastiki. Maelezo yalisema nusu saa. Nilimwacha nayo saa nzima ili ishike. Alipoanza kulia nilimpakata, nikamwimbia, nikamshika mikono asijikune. Nisikilize vizuri: nilimshika mikono.

Nilipomsuuza, nywele zilikuwa nyeusi tititi. Nikafurahi, na furaha yenyewe haikufika dakika kumi. Masikio yalianza kuvimba, kisha paji la uso, kisha kope, mpaka jicho la kulia likafunga kabisa. Pumzi yake ikawa inakoroma. Nilimbeba, nikafungua mlango nikimbie, na pale nje nikakutana uso kwa uso na mama mkwe, Njoroge nyuma yake na kikapu cha viazi.

Alikuwa amenyoosha mikono kumpokea mtoto. Mikono ikabaki hewani.

"Amefanya nini?"

"Nyuki," nikasema. "Ameumwa na nyuki."

Lilinitoka lenyewe, mwanangu. Tukakimbia zahanati, Njoroge mbele na mtoto, mimi nikimfuata, mama mkwe akijikokota nyuma kwa miguu yake ile. Alikataa katakata kubaki. Daktari, kijana mwembamba, alimlaza mtoto akauliza ni nini kimemgusa. Njoroge akajibu kabla yangu kwamba ni nyuki.

Daktari akatafuta mahali nyuki alipodunga. Akageuza kichwa huku na huku, akaniangalia mimi.

"Sioni mwiba. Mama, una uhakika ni nyuki? Niambie vile ilikuwa. Hii kitu ikishuka kwa koo ni mbaya."

Mtoto wangu anavuta hewa kwa shida, na mimi nimesimama pale napima aibu yangu! Mama mkwe alikuwa amefika, ameegemea mlango, ananitazama. Ningekuwa na uongo mwingine mkononi ningeutoa, sikufichi. Sikuwa nao.

"Ni rangi," nikasema. "Nimempaka rangi ya nywele. Nimemwacha nayo saa nzima."

Hawakunigombeza, hawakuwa na wakati huo. Walimdunga sindano, wakamwosha kichwa tena na tena, wakamnyoa nywele zote. Tulikaa kwenye benchi mpaka alasiri ndipo pumzi ikatulia na jicho likafunguka kidogo. Njoroge alitoka nje, hakutaka kuniona. Hapo ndipo nilipolia.

Mama mkwe alifungua kitambaa chake cha kichwa, akamfunika nacho mtoto. Kichwa chake kilikuwa cheupe pe.

"Hizi nywele zilikuwa nyekundu kabla hazijaingia mvi," akasema. "Nikiwa msichana waliniita Kichuguu, mpaka nikawa sitoki nje bila kitambaa. Nimezaa watoto saba, hakuna aliyezichukua. Nikajua zitaisha na mimi. Halafu Njoroge akaniambia zimetoka kwa huyu. Nimepanda magari mawili na miguu hii mibovu ili nije kujiona. Nimefika, nikakuta umenifuta."

Hakupaza sauti. Afadhali angenipiga.

"Nisamehe, mama."

"Mimi nitakusamehe. Lakini huyu, leo umemfundisha nini?"

Siku ile sikumwelewa. Nilielewa miezi mitano baadaye. Nywele zilikuwa zimeota tena, nyekundu vilevile, na nilikuwa namwogesha kwenye beseni. Akachukua sabuni akaanza kujisugua kichwa kwa nguvu, uso umekunjamana. "Mama, toa," akasema. "Toa Mabati." Yule mtoto aliyekuwa akiitika akicheka! Ploti ilimpa jina na hakulijali hata kidogo. Aliyemwonyesha kwamba kichwani mwake kuna kitu cha kutolewa ni mama yake mzazi.

Kesho yake nilikwenda bombani wanawake wote wakiwa wamepanga ndoo, nikasema kwa sauti, "Mama Brayo, huyu anaitwa Wambui. Kwa desturi ya kina baba yake, huyu ni mama mkwe wangu. Ukimwita Mabati tena, umemtukana mama mkwe wangu, na hapo mimi na wewe hatutaelewana." Walicheka mpaka ndoo zikafurika, lakini jina lilianza kufa siku hiyo. Kila likizo nilimpeleka Limuru, shosho wake, yaani nyanya yake, akakaa naye uani bila kitambaa, wanachanana. Lile neno la kwenye beseni lilichukua miaka kumtoka. Leo Wambui anaishi mtaa wa Jamhuri, ana nywele mpaka mabegani, anazibeba vizuri. Ila juu ya sikio la kulia kuna mahali padogo pasipoota kitu mpaka leo. Akija nimsuke, vidole vyangu hupita hapo. Hajawahi kuniuliza, nilimweleza yote mwenyewe bila kuulizwa.

Basi ushauri wangu ndio huu, mwanangu. Mpeleke mtoto kliniki wamwangalie, ujue kwamba ni mzima. Akiwa mzima, uliza kwenu na kwa baba yake ni nani alikuwa na nywele hizo, umwambie mtoto jina la mtu huyo. Nenda shuleni useme na mwalimu, bila kuona haya. Watu watampa majina, na yote hutaweza kuyazima. Lakini wewe usiwe mkono wa kuyapigia muhuri. Watoto hutusadiki sisi kabla ya kumsadiki mtu mwingine yeyote.

Mungu akupe mdomo mkali kwa watu na mkono mwepesi kwa mwanao. Akupe na umri mrefu, mwanangu, uishi mpaka siku utakapomchana na kuona, katikati ya hizo nywele nyekundu, mvi yake ya kwanza.