Hatua Arobaini na Mbili za Mzee Wafula

Kumfikisha Mzee Wafula chooni kulinigharimu wiki nane, soli za viatu mara mbili na majogoo wawili wa mke wangu. Nimehesabu tena nisije nikamdhulumu mtu: ni wawili, ingawa mke wangu husema watatu.

Lakini nianze na siku ya kwanza kazini. Niliripoti Kitale na cheti kipya cha fiziotherapia na koti jeupe lililonizidi mabega. Jioni Mkuu wa Idara, mama wa maneno machache, aliniuliza nimehudumia wangapi. Nikamwambia kumi na mmoja, kifua mbele.

"Hao ni waliokuja," akasema. "Mimi nauliza wangapi wamerudi nyumbani wakiweza kitu."

Hesabu hiyo sikuwa nayo. Tangu hapo nikawa nahesabu mara mbili: kwanza kwa ajili ya ripoti, kisha kwa ajili yake.

Miaka ya elfu mbili ilipoanza, nilihamishiwa Bungoma kuongoza timu ya tiba ya nyumbani. Tulikuwa watatu: mimi wa viungo na mwendo, dada mmoja wa tiba ya shughuli, yaani anayemfundisha mtu upya kuvaa, kula na kuoga, na muuguzi. Pikipiki ilikuwa moja. Wengi wa wagonjwa wetu walikuwa wa kiharusi: damu imekosa njia kichwani, na upande mmoja wa mwili umelegea.

Mzee Wafula alikaa karibu na Chwele. Upande wake wa kulia ulikuwa umelala na maneno yalikuwa hayatoki. Mke wake alikuwa amefariki, na mwanawe alifanya biashara mpakani Suam, akirudi mwisho wa mwezi. Nyumbani alibaki mkaza mwana, Nekesa, na watoto wadogo. Kwa hiyo nilimfundisha Nekesa. Nilimwonyesha jinsi ya kumkalisha mzee, kumkingia goti dhaifu lisikunjike, na kutomvuta kamwe kwa ule mkono uliolegea, maana bega huchomoka. Nikamwachia kadi: kila siku ya mazoezi, alama moja. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu, macho chini.

Niliporudi, mzee alikuwa amekonda. Muuguzi aliona midomo imekauka. Kadi ilikuwa safi kama daftari la mwalimu. Nikahesabu. Siku zilizopita zilikuwa kumi na nne. Alama zilikuwa kumi na tano. Nikahesabu tena. Kumi na tano.

Nilimwita Nekesa kando, nikamwuliza mazoezi yanaendeleaje.

"Si ulisema niweke alama, daktari? Nimeweka."

"Na mzee umemsimamisha?"

"Yule ni baba mkwe wangu," akasema. "Nimshike wapi?"

Mimi Mbukusu kama wao. Nilijua tangu utotoni kwamba mkaza mwana hamgusi baba mkwe wala haingii chumbani kwake. Koti jeupe lilikuwa limenisahaulisha. Nekesa alikuwa akiweka chakula mlangoni, na mjukuu wa miaka sita anakisukuma ndani. Na mzee, ili asije akahitaji kupelekwa chooni na mke wa mwanawe, alikuwa ameacha kunywa maji. Hakuwa anakufa kwa kiharusi. Alikuwa anakufa kwa heshima.

Nikauliza nani duniani anaruhusiwa kumshika. Nekesa akanitajia Barasa, mwuza ng'ombe wa soko la Chwele, aliyetahiriwa pamoja na mzee msimu mmoja. Waliotahiriwa pamoja hutaniana na kutukanana bila faini, na hawaoneani haya.

Barasa alitaka jogoo kila wiki. Nikamwambia huyo ni rafiki yako au ng'ombe wa mnada? Tulishindana mpaka chai ikapoa. Tukakubaliana majogoo wawili kwa kazi yote: mmoja kuanzia, wa pili mzee akifika chooni kwa miguu yake. Mtu wa mnada hulipwa mali ikifika.

Tulimfunga mzee mkanda wa turubai kiunoni, wa kushikia. Dada wa tiba ya shughuli akasimamisha reli ya mianzi kutoka mlangoni hadi chooni. Barasa akasimama upande dhaifu, kama nilivyomfundisha, akaanza.

"Wewe Wafula, siku ya kisu hukupepesa jicho. Leo unaogopa kushuka kitandani, bana?"

Neno la kwanza tulilolisikia kwa mzee likatoka vipande vipande: "Mwizi... wa... ng'ombe."

Barasa alicheka mpaka nikamkumbusha asiachie mkanda.

Wiki ya nane mzee alifika chooni. Barasa alisema hatua arobaini. Mimi nilihesabu arobaini na mbili, nikahesabu tena wakati wa kurudi. Nekesa aliweka kikombe cha chai juu ya kigoda uani, akageuka pembeni. Mzee akanywa chote, akasema polepole, "Mama, ongeza."

Nilipomwomba Msimamizi wa Bungoma tuongeze swali la nani haruhusiwi kumshika mgonjwa, alijibu kwamba fomu haina nafasi. Tukawa tunaliandika nyuma ya fomu mpaka nilipostaafu. Wanaume wengi walisimamishwa na matusi ya marika yao, na sijui dawa ya bei rahisi kuliko hiyo.

Sasa nakaa Tuwan, hapa Kitale, na mwezi uliopita mama mkwe wangu alipooza upande wa kushoto. Mwenye ujuzi katika ukoo huu ni mimi, na asiyeweza kuvuka mlango wake, kwa mila ileile, ni mimi. Hana binti mwingine ila mke wangu, ambaye mgongo wake haumudu kuinua mtu. Kwa wanaume niliita wenzao wa tohara. Wanawake wetu hawakupewa rika la namna hiyo, na miaka yote ile kwa wagonjwa wa kike nilibahatisha tu. Ninyi mlio kazini leo, mwanamke mzee mnamwitia nani? Niandikieni upesi, maana miezi ya kwanza ndiyo yenye faida. Atakayekuja mwenyewe, nauli nitamrudishia, ila kwa bei ya mwenyeji.