Mstari Mweusi Shingoni mwa Njugu

Hebu mwone anavyokuja. Mwanamke wa makamo, mfupi, begani mkoba uliofura rasta za kusukia, kitana amekichomeka nyweleni mwake mwenyewe, na macho yake yanapita kwenye visogo vya watu. Uso wako atausalimu baadaye. Aliyesuka miaka ishirini na mitatu huwajua watu kwa nyuma.

Wanamwita Mkono Mwepesi. Watoto wanaowapiga mateke wasusi wengine, kwake hutulia kama waliogandishwa. Msusi wa jirani hakulipenda jambo hilo. "Mtoto wa miaka mitatu hakai saa mbili hivi hivi," alisema. "Yule ana kitu." Akina mama walicheka, lakini wakipita walichungulia chini ya kiti chake.

Kitu alikuwa nacho kweli: kopo la biskuti na kreti ya soda. Yeye alikulia nyumba ambayo sukari ilifungiwa kabatini kwa kufuli, akajiapia kwamba mtoto atakayekaa kati ya magoti yake hataondoka na mdomo mkavu.

Sasa kaka yake ana binti mmoja, miaka tisa. Alizaliwa kabla ya siku zake, kadogo mno, wakamwita Njugu, na kila aliyempakata alimwombea unene. Tangu aanze shule, akitoka darasani hukaa saluni kwa shangazi yake mpaka mama yake atoke kazini, kwenye kiwanda cha sabuni. Kila siku soda moja, biskuti bila hesabu. "Soda ni siri yetu," shangazi alimwambia, "wenzako wasije wakadai." Mtoto akanawiri. Ukoo mzima ukafurahi: Njugu amejaza ganda.

Aliyeuona mstari mweusi shingoni mwake kwanza ni shangazi mwenyewe, akimgawa nywele.

"Wifi, huyu mtoto haogi?"

"Anaoga asubuhi na jioni," mama yake akajibu. "Au unataka kusema mimi ndiye mchafu?"

Akamsugua kwa dodoki hadi mtoto akatokwa machozi. Mstari ukabaki, mweusi na laini kama kitambaa cha mahameli. Akaishuku sabuni, akaushuku mkufu, akamshuku Njugu kwamba anajimwagia maji miguuni tu. Mwisho akampeleka zahanati.

Nesi hakuuliza habari za sabuni. Alimpima mtoto uzito na damu, akauliza anakula nini. "Huu si uchafu, mama. Mwili wake umeanza kulemewa na sukari. Kisukari bado, lakini njia ndiyo hii. Waliozaliwa wadogo kisha wakanenepeshwa haraka, wengi wao kisukari huwapata wakiwa wakubwa. Bado tuna nafasi. Vitu vitamu anapewa na nani?"

"Kwangu soda haiingii mlangoni."

"Basi kuna mlango mwingine," nesi akasema.

Hapo ndipo nyumba ilipoharibika. Mume akirudi na mtoto kutoka matembezini, mke anamnusa mtoto vidole. Mwenye genge la karibu na shule alihojiwa mbele ya wateja wake. Wote wakatoka safi, akabaki mama mkwe, anayeishi nao na kupenda chai nzito ya sukari. Wifi akachora alama ya kalamu kwenye kopo la sukari, aone inashuka kwa kasi gani.

Bibi aliiona. Alikwenda saluni kwa binti yake, akakaa kwenye kiti cha wateja na kanga yake begani.

"Mke wa kaka yako ananichorea sukari, tangu nesi aseme ule mstari wa Njugu ni wa vitu vitamu. Mimi, niliyelea watano."

"Mama, hakukusudia ubaya."

"Amekusudia. Jumamosi nakwenda kwa dada yangu, nikanywe chai isiyo na alama."

Mkono Mwepesi hakulala vizuri wiki ile. Siku iliyofuata ujio wa bibi alimpa Njugu kikombe cha maji. Mtoto akakitazama, kisha akamtazama yeye.

"Soda zimeisha?"

"Zimeisha. Mama yako akikuuliza unakula nini hapa, unamwambiaje?"

"Namwambia hamna kitu. Si siri yetu? Shangazi, bibi anaondoka kwa sababu yangu?"

Shangazi akamsogezea kikombe cha maji. Alikuwa amekwisha piga hesabu yake, nayo ilimtisha. Akizikomesha soda kimyakimya, huenda miezi ikipita mstari ukafifia, mtoto akapona, na hakuna atakayejua. Lakini mstari ukififia bibi akiwa ameondoka, nyumba nzima itasema: mnaona, alikuwa yeye. Mtoto atapona, na bibi, aliyemzaa yeye, atakufa na jina la kumlisha mjukuu maradhi.

Ijumaa jioni wifi alikuja kumchukua Njugu. Hakuondoka. Alivua kitambaa kichwani, akakaa kati ya magoti ya Mkono Mwepesi, amempa mgongo.

"Nifumulie hizi, wifi. Nimechoka kuwawinda watu. Siku hizi namwamini mmoja tu, nawe unamjua." Akapumua. "Kikulacho ki nguoni mwako. Mama yako akiondoka kesho, nitapata usingizi."

Njugu alikuwa mlangoni na begi lake la shule, akimkodolea macho shangazi yake bila kupepesa.

Mkono Mwepesi alifumua msuko wa kwanza, akafumua wa pili. Kisha akaweka kitana chini.

Wewe unayenisoma, ungekuwa wewe, na mikono yako iko kwenye kichwa cha mtu anayekuamini hivyo, ungeanza na neno gani?