Kalinga Afukuzwa Jikoni

Fundi Kalinga wa Mlandege aliosha vipuri vya magari kwa petroli miaka kumi na moja, na miaka yote hiyo alijiona mtaalamu. Mikono ilimchubuka, kichwa kikamuuma kila jioni, yeye akasema ndiyo kazi. Mimi jirani yake nilimwambia hiyo si kazi, ni ubishi.

Juni ya mwaka 1975, baridi ya Iringa imekaza, alikuwa akiota moto jikoni cheche ikarukia ovaroli yake. Mkono wa ovaroli ukawaka. Mkewe Tekla aliuzima kwa sufuria nzima ya mboga, kisha akamtoa nje na sahani yake.

"Baba Severina," alimwambia, "siku utakayoacha kunuka petroli utarudi jikoni. Kabla ya hapo, hapana."

Wiki mbili mwanamume mzima alikula ugali karibu na banda la kuku, akitetemeka. Baridi aliivumilia. Kilichomuuma ni kumkosa Tekla, maana jikoni ndiko walikokuwa wakizungumza.

Akaanza kutafuta kitu kingine cha kuoshea. Mafuta ya taa Tekla aliyanusa akiwa mbali. Sabuni na maji baridi viliiacha grisi palepale. Kisha akamwona mkewe akisugua chungu cha nyama kwa maji ya moto yaliyochujwa kwenye majivu, akachemsha pipa zima. Gia zilitoka zinang'aa. Akazisuuza, akazikausha, akazipaka oili zisishike kutu, na kichwa kikamvimba kwa majivuno. Kabureta ya pikipiki ya Padri Marcelino akaitumbukiza humohumo, akaenda kunywa ulanzi, pombe ya mianzi.

Aliporudi, pipa lilikuwa linatoa mapovu kama pombe changa. Kabureta ilikuwa nyeusi, imelika.

Alisimama mlangoni mwa jiko ameishika, akauliza kwa unyonge sufuria huoshwa kwa kitu gani. Tekla alimjibu kwamba aluminiamu, iwe sufuria au kabureta, ni maji moto na sabuni tu. Majivu ni ya chungu na chuma, na angeuliza mapema angeambiwa mapema. Halafu akaishika mikono ya mumewe, akainusa, akamvuta ndani.

Padri alitembea kwa miguu mwezi mzima, kabureta nyingine ikitafutwa Mbeya. Kalinga alidai anamwonea huruma mno. Mwongo. Jioni zote hizo nilimsikia jikoni na Tekla, wanacheka.