Mama Chuma na Kisumaku Kichafu

Maabara nzima walimwita Mama Chuma, na jina hilo alilipenda kuliko cheo chake.

Kazi yake ilikuwa vichocheo. Kichocheo ni mshenga tu: kinakutanisha molekuli mbili ambazo zenyewe zisingetazamana, zikishaungana kinaenda kuhangaikia wengine. Mshenga anayesifika kwa kuunga kaboni na kaboni ni paladiamu, metali yenye bei ya vito. Mama Chuma akasema hapana, hata chuma kinaweza. Chuma hikihiki cha misumari. Akakitengenezea umbo lake, akakitia kwenye chupa, kikaunga. Makala yake ikatoka kwenye jarida kubwa, mialiko ikamiminika, wanafunzi wakapigana vikumbo kutaka kusimamiwa naye.

Mmoja wao alikuwa kijana wa uzamili, msafi kupitiliza, wa kufuta meza kabla ya kazi na baada ya kazi. Wenzake wote walipata majibu. Chupa yake yeye, kimya. Alirudia mpaka akakonda. Siku moja kwenye kikao cha maabara akajikaza.

"Mwalimu, labda kuna kitu hatujakiona."

"Kipo," Mama Chuma akamjibu. "Mikono yako. Mizito kama ya mbeba magunia. Wote wanapata, chupa ikununie wewe tu, umeikosea nini?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Toka hapo akaitwa Mzito. Mwaka haukuisha akaacha masomo, na Mama Chuma hakumuuliza kwa nini. Aliona kapunguziwa kero, basi.

Miaka ikapita, maabara ikahamia jengo jipya, vifaa vyote vipya. Chuma kikagoma. Mama Chuma akalaumu gesi, akalaumu maji, akamlaumu muuza kemikali. Nyumbani akawa hashikiki.

"Dada, sufuria haijakukosea," mdogo wake alimwambia alipomwona anaosha vyombo kwa hasira. "Hicho chuma chako, si uachane nacho uolewe?"

Hakucheka.

Kwenye boksi la mabaki ya maabara ya zamani alikuta kisumaku cha kukorogea, kile kidonge cheupe cha plastiki kinachozunguka ndani ya chupa. Kilikuwa na madoa meusi yasiyotoka kwa sabuni. Vyote vya zamani vilikuwa hivyo, walivirithi kwa watu waliokuwa wakitumia paladiamu. Akakitumia. Chuma kikaunga! Alikaribia kupiga vigelegele, ila macho yakarudi kwenye yale madoa. Akaandaa chupa nyingine, safari hii bila chuma kabisa. Kisumaku kichafu peke yake.

Ikaunga vilevile.

Mshenga hakuwa chuma hata siku moja. Ni paladiamu iliyonata kwenye yale madoa, kiasi ambacho jicho halioni. Yenyewe ilifanya kazi, chuma kikala sifa. Na Mzito? Mzito alikuwa akijinunulia visumaku vyake, vipya, kwa sababu vile vyeusi alivionea kinyaa. Chumba kizima, aliyekijaribu chuma kweli alikuwa mmoja, na huyo ndiye aliyefukuzwa kwa kicheko.

Akamtafuta Mzito mpaka akamkuta dukani, anachanganya rangi za nyumba.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," akaitikia Mama Chuma. Akaeleza yote, macho yakiwa kwenye makopo. Mzito alisikiliza bila kuacha kukoroga.

"Kwa hiyo sikukosea."

"Hukukosea. Nisamehe, mwanangu."

"Nimesikia." Akafunga kopo, akaligonga kwa nyundo. "Wale waliocheka umeshawaambia?"

"Bado. Nimeanza na wewe."

"Mimi umenifuata huku nyuma ya makopo, mwalimu. Kunicheka ulinichekea mbele za watu." Akamgeukia mteja. "Karibu, dada, unapaka ndani au nje?"

Mama Chuma akatoka uso ukimuwaka.

Kikao kilichofuata aliwaita wote, mpaka wale waliokwishaajiriwa kwingine. Hakukaa. Alisema makala si ya kweli na ataiondoa jaridani. Akasema Mzito alikuwa sahihi, jina lile yeye ndiye aliyelianzisha, na walicheka kwa kuwa mwalimu wao alimkejeli kwanza. Mmoja alikuwa akikwangua kucha kwenye ukingo wa meza.

Ndipo binti wa uzamivu, ambaye utafiti wake wote ulisimama juu ya chuma kile, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi niko sura ya mwisho. Sasa mimi nafanyaje?"

Zamani Mama Chuma angekuwa na jibu la kuchekesha.

"Sijui," akasema. "Ila utakayoulizwa kuhusu hili, nitasimama kuyajibu mimi."

Binti akainamisha kichwa mezani, akaanza kulia. Na safari hii hakuna aliyecheka.