Mawe Juu ya Bati la Papa

Siku ile sikuweza kutulia. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka nje kutazama mawingu upande wa ziwa. Mama alikuwa ametoka hospitali juzi yake, kidonda cha operesheni bado kibichi, na daktari alituonya kisipate maji. Kitanda chake kilikuwa kwenye kona ambayo mbao za paa zilikuwa zimeoza, hata msumari haushiki, kwa hiyo bati lilishikiliwa na mawe tu, kama nyumba nyingi za mbao huku njia ya Lac Vert. Chumba kingine cha kumlaza hatukuwa nacho.

Asubuhi Papa, baba yangu, alikuwa amebadilisha mawe. Nilipotazama juu, damu ilinichemka. Kwa ukubwa yalikuwa makubwa, ndiyo, lakini ni yale mawe ya volkano yenye vitundu-vitundu, mepesi kama mkate. Nikamwambia upepo utayasukuma. Akanijibu kwamba jiwe kubwa ni jiwe kubwa, niache kumfundisha kazi. Muzee yule aliendesha lori njia ya Bunagana miaka mingi, na ukimpinga uani, majirani wakisikia, umejitafutia maneno.

Jamani, nami nafundisha fizikia! Nikaokota mawe mawili yenye ukubwa karibu sawa, moja la vitundu, jingine lile jeusi lililoshikana. Nikaazima mizani kwa jirani, mama muuza maharagwe. Nikajaza ndoo hadi ukingoni, nikazamisha jiwe moja, nikaijaza tena, kisha la pili, na kila mara maji yaliyomwagika nikayakinga kwa beseni. Yalitoka karibu sawa, maana yake mawe yale yanachukua nafasi ileile. Lakini kwenye mizani lile jeusi lilikuwa zito karibu mara mbili.

Nikamweleza kama ninavyoeleza darasani: chukua uzito, ugawanye kwa nafasi, ndipo utajua jiwe limejaa kiasi gani, shuleni tunaita densite. Lile la vitundu limebeba hewa, na hewa haizuii bati. Nilisema haraka-haraka, sauti juu, na bati lenyewe lilikuwa limeanza kugonga pale juu.

Papa hakubisha. Alitazama mizani, akatazama mikono yake.

"Ile nyeusi naijua," akasema polepole. "Siwezi tena kuipandisha."

Hasira yote ikanitoka, nikabaki na huruma na aibu, nisijue nizipeleke wapi. Kumbe asubuhi alichagua kile ambacho mabega yake yanaweza. Wanaume wa jirani wote walikuwa kazini, na mimi sina kaka. Nikasema nitapanda mimi.

Mama alisikia kutoka kitandani, akakataa kabisa. Kwetu mwanamke hapandi juu ya nyumba. Akipanda, watu watasema humo ndani hamna tena mwanaume. Afadhali alowe, alisema. Papa alimsikia vizuri. Nami nilikuwa nazunguka uani, naliinua jiwe jeusi, nalirudisha chini, na matone ya kwanza yakanipiga usoni.

Upepo ukafunua ukingo wa bati. Papa akainuka, akaegemeza ngazi ukutani, akaishika kwa mikono miwili, mbele ya watu wote waliokuwa wanapita barabarani.

"Panda, mutoto wangu," akaniambia. "Waache waone."