Niliwaambia ni Fomu za Chama

Nimekosa. Naanza hapo hapo, maana nikianza kuzunguka nitaanza kujitetea, na kwa kujitetea mimi ni hodari. Ndiko kulikoniponza.

Mimi ni mwalimu wa historia, wa kujitolea, kwenye shule moja ya kata huku Mbozi. Nyumbani ni Igamba. Wazazi wangu walifariki nikiwa binti mdogo, nikalelewa na baba mkubwa, kaka yake marehemu baba. Nikisema "baba" humu, ujue ni huyo. Sina mwingine.

Baba ni mkulima wa kahawa. Kila daftari nililobeba na kila sare niliyovaa mpaka chuo ilitoka kwenye mibuni yake. Sasa macho yamemwishia, mtoto wa jicho kaziba yote mawili, anaona mwanga na vivuli tu. Kwa hiyo macho yake ni mimi. Barua namsomea mimi, karatasi za hospitali namsomea mimi. Nikimaliza anaitikia, "Haya, mwanangu," basi, hahoji.

Hapo ndipo nilipochezea, jamani. Kwenye hiyo "haya, mwanangu."

Kuna neno lazima nikueleze kwanza. Kwetu wazee wakisema "Chama" bila kuongeza kitu, wanamaanisha kikundi cha kahawa: ule mtambo wa kumenyea pale mtoni, mizani, na vichanja vya kuanikia. Vyama vya siasa wao wanaviita siasa tu. Baba alikuwa mwenyekiti wa Chama, na upande wa siasa alikuwa balozi wa nyumba kumi kwenye chama kikongwe, miaka na miaka. Alikuwa na msemo wake: "Siasa ina kadi, Chama kina kahawa. Ukichanganya utakunywa kadi!" Aliusema kila mkutano, na kila mkutano watu walicheka kana kwamba wanausikia kwa mara ya kwanza.

Basi mimi nikachanganya. Tena kwa makusudi.

Ilikuwa hivi. Kulikuwa na chama kipya cha siasa kinahangaikia usajili wa kudumu, kinatafuta wanachama huku na huku. Mratibu wao alikuwa mtu wa Tunduma, mfanyabiashara wa mpakani, anasalimia kila mtu "Muli shani!" hata kama mwenyewe hajawahi kuvuka kwenda Zambia. Tulikutana kwenye harusi Vwawa. Nikaongea pale mezani, na mimi nikipata wasikilizaji sinyamazi. Akaniangalia, akasema, "Mwalimu, kichwa kama hiki kinafundisha bure? Niletee wanachama wa Igamba tufungue tawi. Uchaguzi ukifika, udiwani wa viti maalumu jina lako la kwanza."

Diwani! Mimi, ambaye viatu vya kwendea shule vimeshonwa mara tatu! Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshajiita mheshimiwa kimoyomoyo. Cheka tu, usiogope. Hata mimi nikikumbuka natamani ardhi ipasuke.

Nikapita nyumba kwa nyumba. Watu wa kwetu wana adabu: wanakukaribisha, wanakupa kande, wanakusikiliza mpaka mwisho. Halafu wanasema, "Asante mwalimu, ila siasa tunayo tayari." Au, "Balozi anasemaje?" Wiki nzima sikupata hata jina moja.

Sasa sikia aibu yenyewe. Wiki hiyo hiyo darasani nilikuwa nafundisha kidato cha nne habari za Zanzibar, jinsi vyama vya siasa vilivyokua kule kuelekea uhuru. Nikawaambia wanafunzi kwamba vyama vile havikudondoka kutoka mbinguni. Nyuma yake kulikuwa na jumuiya za watu wa kawaida, vikundi vya kusaidiana, hata klabu za mpira. Siasa ilipoingia, ikaikuta mizizi tayari, ikapanda juu yake.

Nimesimama na chaki mkononi, wazo likanijia. Igamba mizizi si ipo? Si kuna Chama?

Na somo lile lina nusu ya pili, naifundisha kila mwaka. Kwamba visiwa vile vilipata uhuru watu wakiwa wameshagawanyika kwa vyama, mpaka jirani hanunui dukani kwa jirani, na ndugu hawazikani. Nusu hiyo niliiandika ubaoni kwa mkono wangu huu huu. Wanafunzi wakainakili. Mimi mwenyewe haikuniingia!

Ulikuwa wakati ambao wakulima wote wanasubiri kuandikishwa kwa ajili ya mbolea ya ruzuku. Kila mtu anaulizia fomu. Nikamwambia baba, "Kuna fomu za Chama. Waite wanachama."

Sentensi moja. Ukinipeleka mbele ya hakimu anihoji, nitamwambia sikusema uongo hata neno moja. Ni fomu za chama kweli. Unaona nilivyo hodari?

Wakaja pale mtamboni wakiwa na majembe yao, wanatoka shamba. Mama Neema, jirani yetu, akauliza, "Mwalimu, hizi ndizo za mbolea?" Kabla sijafungua mdomo, mzee mmoja akamjibu, "Sasa za nini kama si za mbolea?" Nikainama, nikajifanya napanga karatasi. Mwenzangu, kunyamaza nako ni kusema.

Hakuna aliyesogea. Walikuwa wanamsubiri mwenyekiti.

"Nisomee," baba akasema.

Nikamsomea jina lake. Nikamsomea kijiji, kata, umri, kazi. Mstari wa juu, ule wenye herufi kubwa, ombi la kujiunga na chama cha siasa, niliuruka. Nilikuwa nimepanga kwamba jina lake yeye nisiliweke, nakuapia. Lakini bila yeye wengine wasingeweka.

"Haya, mwanangu," akasema, akanyoosha kidole gumba. Nilikishika mimi. Nikakizamisha kwenye kidau cha wino, nikakibandika kwenye karatasi. Kidole kile kigumu, kina mikwaruzo ya miaka yote ya kuchuma kahawa. Akakifuta kwa jani la mgomba akisema, "Haya jamani, msichelewe, mbolea haisubiri wavivu."

Wakafuata wote, mmoja baada ya mwingine, wanacheka.

Mratibu aliponipokea karatasi zile alinipa fulana na kofia. Katibu wa tawi! Nikazificha chini ya godoro.

Hazikupita siku nyingi wakaja watu wa uhakiki kutoka kwa Msajili wa vyama. Mimi nilidhani uhakiki ni mambo ya ofisini, wanahesabu karatasi wanaondoka. Kumbe wanakuja kwa wananchi wenyewe! Walifika siku ya mnada, wakakaa kwenye meza nje ya ofisi ya kata, wakaanza kuita majina kwa sauti mbele ya umati. Jina la kwanza kabisa lilikuwa la baba.

Alikuwepo. Alikuwa amekaa mbele na viongozi wenzake wa chama kikongwe, kavaa shati lao, fimbo katikati ya magoti. Akainuka taratibu.

"Mzee, wewe ni mwanachama wa chama hiki kipya?"

Watu wakaguna. Mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "Balozi ana kadi mbili! Mzee wetu kumbe kigeugeu!" Vicheko. Halafu majina mengine yakaitwa, na kila aliyeitwa anaruka: "Mimi? Mimi niliandikishwa mbolea!" Vicheko vikaisha, ikawa hasira. Nani kawauza? Si mwenyekiti? Si yeye aliyetangulia kuweka dole?

Afisa akamuuliza baba, "Mzee, huoni vizuri. Nani alikusomea hii fomu?"

Mimi nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka pale, karibu na wauza vitunguu. Nilichotakiwa kusema ni "mimi" tu. Neno fupi kuliko "chama."

Sikulisema.

Baba akageuza uso, anatafuta upande niliopo, macho yale meupe yakapita juu ya vichwa vya watu. Akasema, "Aliyenisomea alinisomea sawasawa. Mimi ndiye sikusikia vizuri. Dole ni langu."

Ee Mungu wangu!

Jioni ile nilimkuta amekaa jikoni na mkewe, mama mkubwa aliyenilea. Akauliza jambo moja tu: "Mwanangu, ulinisomea yote yaliyoandikwa?" Nikasema, "Ndiyo, baba." Akaitikia, "Haya." Lile "mwanangu" hakuliongeza. Nililala nikilisubiri.

Ubalozi wakamvua wiki ile ile. Uenyekiti wa Chama akauachia mwenyewe. Chama kikapasuka: wanaosema mzee aliwauza na wanaosema mzee alionewa. Wa upande huu hawamenyi kahawa siku moja na wa upande ule. Mara fundi wa kutengeneza mtambo akakosekana kwa sababu ni wa upande ule, mtambo ukasimama msimu mzima, kila mtu akamenya kwake kwa mkono. Mama Neema, aliyekuwa anaingia jikoni kwetu bila hodi, akaanza kupita njia ya bondeni.

Na hicho chama kipya? Kwetu kilikwama kwenye uhakiki, tawi halikuzaliwa. Mratibu akaacha kupokea simu zangu. Baadaye nikakutana naye Tunduma, ana fulana ya chama kingine kabisa. "Muli shani, mwalimu!" Anacheka! Nikapita kama simjui. Lakini nimlaumu nini? Yeye aliniomba majina tu. Kidole cha baba nilikishika mimi.

Bado sijafika panapouma.

Mama mkubwa alikuwa na presha. Tangu siku ya mnada akawa mtu wa kukaa ndani, hata kanisani haendi, anasema hawezi kupita katikati ya macho ya watu. Presha ikampanda, akafariki tukiwa njiani kumpeleka hospitali. Sisemi fomu zangu zilimuua. Wala siwezi kusema hazikumuua.

Huku kwetu mtu akifa kijiji kizima kinakuja. Huitwi, unakuja. Vijana wanachimba kaburi kwa zamu, akina mama wanaleta unga, maharage na kuni, unakosa hata pa kukanyaga. Mama yule aliwapikia misiba yao yote.

Baba alikuwa amekaa kwenye mkeka, nimemshika mkono. Akauliza, "Wamekuja watu?"

"Wamekuja, baba. Wengi."

Akainamisha kichwa, anasikiliza upande wa kaburi. Halafu akasema polepole, "Mbona nasikia majembe mawili?"

Yalikuwa mawili. Mwinjilisti na mwanawe, ndio waliokuwa wanachimba.

Ndipo nikakumbuka ubao wangu. Ndugu hawazikani. Niliifundisha kama habari ya watu wa mbali, wa kisiwani, wa zamani. Nikaja kuileta Igamba kwenye karatasi, nikaibandika kwa kidole cha mzee asiyeona.

Wewe unayesoma, kama uko kwenye siasa, chama chochote, kipya au kikongwe, sikukatazi. Vyama vitakuja na vitakwenda, ndiyo nchi. Lakini usiingize kadi yako kwenye kikundi ambacho watu wanazikana humo. Usipande juu ya mizizi usiyoipanda. Na kama kuna mtu anayekuamini umsomee, msomee mstari wa juu! Hata kama ukiusoma ataondoa kidole chake. Hasa kama ataondoa kidole chake.

Na ukishakosea, sema siku ile ile. Mimi nilisubiri watu wapoe. Hawakupoa, walizoea tu.

Sasa nikwambie kwa nini nimeandika hapa. Kila Jumapili baada ya ibada, baba hukaa kwenye benchi nje ya kanisa, mimi namsomea gazeti hili. Ukurasa huu wa watu wanaoungama ndio anaoupenda kuliko yote. "Haya, huyo wa leo kakosa nini?" Nikimaliza anatikisa kichwa na kusema, "Angemwambia mwenyewe, si gazeti." Kila Jumapili anasema hivyo. Na mimi kila Jumapili nakunja gazeti kimya.

Pale kwenye benchi wanapita wote. Mama Neema, wa upande huu, wa upande ule, wanapita hatua tatu kutoka alipo, hawamsalimii.

Mhariri akiitoa hii, nitamsomea. Nitasoma kwa sauti ya darasani, kuanzia mstari wa juu wenye herufi kubwa, siruki kitu. Na akiuliza huyo wa leo kakosa nini, nitamjibu mbele yao wote: "Huyo wa leo ni mimi, baba."